Swali la Saba kwa Kungwi wa Mabawa

Fomu ilikuwa yangu. Naliweka hili mwanzo kwa sababu waliokuja kuisikia habari hii baadaye walimlaumu tabibu aliyeisoma, na yeye kwa uungwana wake hakuwahi kunitaja. Maswali kumi na mawili, kurasa mbili, niliyaandika mwenyewe nyumbani kwangu Chumbageni, nikayapanga kwa namba, nikaacha na mistari ya kujazia majibu. Niliona raha kuitazama. Mimi ni mtu wa kupenda vitu vikae kwenye mstari. Mume wangu husema hata nguo nazianika kwa ukubwa.

Ni muuguzi. Nimezaliwa Lushoto, nimelelewa Kilutheri, na wakati ule nilikuwa nimeishi Tanga mjini miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wahudumu wa afya tiba shufaa, yaani namna ya kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi: kumwondolea maumivu, kumsikiliza, kumsaidia yeye na watu wa nyumbani kwake waishi siku zilizopo badala ya kukaa wakizihesabu. Nilikuwa na wanafunzi wanane, watu wazima wote, kutoka zahanati na vituo vya afya vya mjini, Muheza na Pangani. Mafunzo yalikuwa ya wiki tatu. Siku ya pili tu niliwagawa nikawapeleka majumbani, kwa sababu kazi hii haifundishiki ukumbini.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Mabawa, mwenye miaka sabini na kitu. Alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo na mbavu. Daktari wa hospitali alikuwa amemwandikia mofini ya maji, dawa ya kunywa ya maumivu makali, lakini chupa hakuja kuichukua. Nilijua hilo tu. Sikujua, kwa kuwa fomu yangu haikuuliza, kwamba bibi huyu alikuwa kungwi, na kwamba wanawake wengi walioolewa mitaa ile walifundwa na yeye kabla ya kupelekwa kwa waume zao.

Tulikwenda watatu: mimi, muuguzi mmoja wa kituo cha mashamba ya mkonge, na tabibu. Tabibu alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya mnadani. Alizaliwa Tabora na alikuwa amehamishiwa zahanati ya huku mwaka uliotangulia. Gari la hospitali lilituteremsha mlangoni kabisa, na maandishi yake ubavuni. Majirani waliacha kufua wakatutazama. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, ila dogo.

Tulikaribishwa vizuri. Bibi alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, kanga mbili mpya zimepigwa pasi. Ndani ya kanga ya juu niliona nyingine imefungwa kuzunguka mbavu, imekazwa kama kamba ya mzigo. Kabla chai haijafika alibadili upande wa kukalia mara nne. Binti yake, mwanamke wa kama miaka hamsini anayepika mikate ya kumimina ya kuuza, alituletea vikombe na mkate wa moto. Mjukuu, msichana mkubwa anayefanya kazi duka la dawa, alisimama kwenye mlango wa chumba akitusikiliza.

Tabibu alianza kusoma. Jina, umri, usingizi, chakula. Kuhusu maumivu alimwomba bibi aonyeshe kwa vidole vya mkono mmoja: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Bibi alionyesha viwili. Macho yake yalisema vingine, lakini tabibu alijaza viwili, kama nilivyofundisha. Tukafika swali la saba.

"Bibi," tabibu akasema, amelainisha sauti kadiri alivyoweza, "ungependa kufia wapi? Nyumbani, hospitalini, au kwingineko?"

Binti aliyekuwa anakoroga chai aliacha kijiko ndani ya kikombe. Akageuka polepole.

"Umesemaje?"

Maskini tabibu alidhani hakusikika. Akarudia, safari hii kwa sauti yake halisi, neno kwa neno, pamoja na "kwingineko".

"Tokeni," binti akasema. "Tokeni wote watatu. Mmekuja kumpimia mama yangu kaburi? Na sanda mmeileta, au mmeisahau garini?"

"Dada, samahani, ni fomu tu..."

"Fomu! Mama anaoza mjukuu wiki mbili zijazo, nyie mnamuuliza atafia wapi! Na hiyo kwingineko ndiyo wapi? Sokoni?"

Nje, mtu mmoja kati ya waliokuwa wakifua akarudia "kwingineko" na wenzake wakaangua kicheko. Bibi alivuta upindo wa kanga akajifunika uso, akageukia ukutani. Nimefukuzwa nyumba nyingi katika kazi yangu, lakini ule mgongo niliogeuziwa ndio nilioondoka nao.

*

Mchana ule tuliketi ukumbini kulijadili. Nilitaka kusikia zaidi ya kusema.

Muuguzi wa mashamba ya mkonge, ambaye babu yake alikuja kutoka kusini kukata mkonge na hakurudi, alikuwa wa kwanza. "Kwetu Wakatoliki mgonjwa asipoulizwa mapema, padri anachelewa," alisema. "Mama yangu alikasirika kwa sababu hatukumuuliza. Alisema, mnanificha safari yangu mwenyewe?"

Mwenzake anayefanya kazi upande wa Ushongo akatikisa kichwa. "Kule kwangu ukiuliza hivyo watakuuliza wewe umeota nini. Na mtu akifa wiki ileile, umeua wewe."

Mwishowe tabibu alisema tu, "Mimi nilisoma kilichoandikwa." Hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

Jioni nilijaribu kulilainisha lile swali. Niliandika "ungependa kupumzika wapi", nikaandika "ungependa kumalizia safari wapi", nikaandika na mengine. Nilipomsomea mume wangu alisema, "La kwanza lilikuwa linatisha. Haya yanatisha na kunyemelea." Nikafunga daftari. Niliona kwamba sikuwa na upungufu wa maneno. Kulikuwa na kitu kuhusu nyumba ile ambacho sikukijua, na kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuona haja ya kukiuliza. Wakati huohuo, mwanamke mmoja alikuwa amekaa Mabawa na kanga imemkaza mbavu, na dawa yake iko kabatini hospitali.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa miguu, bila sare, nimejitanda kanga, na kilo moja ya sukari mkononi. Binti alikuwa uani anamimina unga wa mchele kwenye kikaango.

"Hodi."

"Hodi ya nani?"

"Ya jana."

"Ya jana tumeifukuza jana."

"Nimekuja kuomba radhi, dada. Ile fomu niliiandika mimi, si yule tabibu."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe? Na unavyoonekana una akili zako." Akapokea sukari. "Pita. Lakini hiyo kalamu na daftari viache hapa kwenye kinu."

Niliviacha. Ni mara chache nimejihisi uchi kama siku ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Alikuwa palepale ukutani. Nilimwomba msamaha, akaupokea kwa kupunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Kwa kukosa kalamu sikuwa na la kufanya ila kungoja, na alipoona nangoja, akaanza mwenyewe.

"Hiyo dawa yenu nimeikataa, wala si kwa kuwa ni haramu. Maalim wa msikiti nimemuuliza, kasema dawa ni dawa. Nimeikataa kwa sababu ya kichwa. Nina mwari mmoja wa mwisho, huyu mjukuu wangu. Mama yake nilimfunda mimi, na yeye nitamfunda mimi, siku saba kamili. Siku hizi wanafunda Jumamosi na Jumapili kama semina. Mimi sifundi semina. Mambo yale hayakuandikwa popote, yako humu." Akajigusa paji la uso. "Nikinywa dawa nikasinzia, nikachanganya maneno mbele ya wanawake wenzangu, mtoto ataingia ndoani na nusu. Bora maumivu."

"Na kwa mgongo huu, bibi, utaweza kukaa hizo siku saba?"

Alilegeza kanga ya ndani na nikaona jinsi ilivyomwachia mstari mwekundu kwenye ngozi. Kisha akanyoosha mkono kunionyesha, kama alivyofundishwa jana yake. Vidole vitano.

Nilimweleza ukweli kama ninavyoujua. Dawa ile humtia mtu usingizi siku za mwanzo, na kwa wengi ule uzito hupungua baada ya siku chache mwili ukiizoea. Ilikuwa Jumatano. Kufunda kungeanza Alhamisi ya wiki iliyofuata, kumalizike Jumatano yake, na ndoa ifungwe Ijumaa. Tukianza mapema, kwa kiasi kidogo, kichwa kingekuwa na muda wa kurudi. Sikumwahidi. Nilimwambia tu kwamba akianza siku ya kufunda yenyewe atakuwa amechelewa.

"Nitafikiri," alisema. Halafu, nilipokuwa nainuka: "Lile jitu la jana lenye sauti ya baragumu, ni mtu wa wapi?"

"Wa Tabora, bibi."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi hasa."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu kwa maumivu na bado akaendelea. "Lo! Mtani wangu! We mwanangu, njoo usikie," akamwita binti yake, "lile jitu ni Mnyamwezi!"

Binti akachungulia, upawa mkononi, na uso ukamfunguka kwa mara ya kwanza. "Sasa si angesema!"

Nilieleweshwa kama mtoto. Baba yake bibi alikuwa Mzigua wa Pangani, na watu wale na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishusha mizigo pwani. Mtani hukutania kwa lolote, hata kifo. Msibani ndiye anayeruhusiwa kuchekesha. Habari za utani nilizijua kama kila Mtanzania anavyozijua, kwa mzaha wa ofisini. Sikuwahi kufikiri kwamba ni ufunguo wa mlango.

"Mtu anaingia nyumba ya watu," bibi akasema, "hasemi katoka wapi, hasemi babu yake nani, anaanza na kaburi! Mgeni akiniuliza nitafia wapi, ananiombea nife. Mtani akiniuliza, ndiyo kazi yake, na mimi nitamuuliza kama kwao bado wanazikana kwenye magunia. Mlete. Na faini yake aje nayo, asali ya kwao. Nikiionja nikaiona ya dukani, namrudisha."

*

Tabibu alikuwa nayo asali. Mama yake humpelekea dumu kila msimu. Nilipomweleza, akaanza kutabasamu, na Alhamisi asubuhi hatukuhitaji kubisha hodi kwa sababu alikwisha kubisha kutoka njiani.

"Hodi humu! Nimekuja kuchukua maiti yangu! Iko tayari au bado inakula?"

Nilisimama palepale. Majirani waliacha kufua tena. Kisha kutoka ndani ikaja sauti ya bibi, imara kuliko nilivyowahi kuisikia: "Maiti inasema leta asali kwanza, mla panya wee!"

Mtaa mzima ulicheka, na safari hii tulicheka nao.

Tabibu alimpa bibi dawa mwenyewe siku ile. Mofini ya maji ni chungu. Bibi aliimeza, akakunja uso, tabibu akamwekea kijiko cha asali ulimini. "Bila sisi watu wa bara mngekunywa shubiri tupu," akasema. Tulimfundisha binti kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano: kiasi kidogo kila baada ya saa nne, na kile cha kulalia kiwe maradufu ili usingizi usikatike. Tulimwambia kuwa dawa hii hufunga choo, kwa hiyo akaanika mbegu za papai akazisaga, kama wahudumu wengi wa kazi yetu wanavyoshauri. Kila kitu daktari alikijua na kukiidhinisha kwa simu.

Lakini bibi alikuwa na sharti. "Kila asubuhi utanijia na kitendawili," alimwambia tabibu. "Siku nitakayoshindwa kujibu kwa ajili ya dawa yenu, mnaondoka na chupa yenu."

Ijumaa alijibu kabla tabibu hajamaliza kuuliza. Jumamosi tulimkuta mzito. Macho yalikuwa yakifumba na kufumbuka, na maneno yalimtoka kwa kuburuta.

"Kitendawili," tabibu akasema, kwa upole.

"Tega."

"Mgeni wangu habishi hodi. Akiingia, wenyeji wote tunafumba macho."

Bibi alifungua mdomo. Kichwa kikamwangukia begani. Akalala.

Nilimtazama binti na nikajua kinachokuja. Alikuwa amesimama na chupa mkononi. "Ameshindwa," akasema taratibu. "Siku tano zimebaki aanze kazi, na hajui hata jina lake. Sharti ni sharti. Chukueni."

"Sharti ni lake," tabibu akajibu. "Aliyeliweka ndiye atakayetufukuza. Tungoje aamke."

Tukangoja. Binti alirudi kwenye mikate yake huku akigonga vyombo kwa makusudi tusikie. Mimi, kwa desturi yangu, nilihesabu: pumzi zake kwa dakika, mara ngapi amejigeuza. Hakujigeuza hata mara moja. Adhana ya adhuhuri ilipokaribia alifumbua macho, akatazama dari, akatutazama sisi.

"Nimelala?"

"Saa tatu, bibi."

"Saa tatu mfululizo?" Akajipapasa ubavu wa kushoto, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha hapo. Alikuwa ameulalia. Ubavu ule wa ugonjwa, ambao tangu mfungo wa Ramadhani hakuugusisha godoro, alikuwa ameulalia saa tatu. Binti yake alikuwa mlangoni na aliona.

"Mama, kitendawili umeshindwa," alisema, lakini sauti ilikuwa imemlegea.

"Nani kashindwa? Jibu ni usingizi. Nilikuwa namjibu kwa vitendo." Akamgeukia tabibu. "Na wewe kesho lete kigumu. Hiki ni cha watoto."

Chupa ilibaki. Jumapili alikuwa mzito bado, Jumatatu nafuu. Jumanne alijibu vitendawili vitatu vya tabibu na kumtegea vitano, ambavyo tabibu alivibeba hadi ukumbini na darasa zima halikuweza kutegua hata kimoja. Jumatano tulimkuta amekaa bila ile kanga ya ndani. Ilikuwa imefuliwa, imeanikwa kwenye kamba uani pamoja na nyingine.

*

Kufunda kulianza Alhamisi. Mjukuu alichukua likizo duka la dawa, akaingizwa chumbani. Tabibu alikatazwa hata kukaribia dirisha, kwa hiyo akawa anakaa benchi la nje na wanaume wa mtaa, akitukanwa kwa zamu na kuwajibu. Mimi, kwa kuwa nimezaa na nimeolewa, niliruhusiwa asubuhi moja. Binti alinyoosha mkono mlangoni, na nikamwekea daftari kiganjani.

Yaliyosemwa mle ndani siyaandiki. Naandika niliyoyaona kwa mgonjwa wangu. Alikaa wima tangu asubuhi hadi mchana. Aliimba. Maneno yalimtoka yamepangika, moja likimvuta jingine, na wanawake waliomzunguka, wengine nywele nyeupe, walikuwa wakiitikia kama darasa linalomwogopa mwalimu. Jambo zito hakulitaja hata mara moja. Alimpa mwari kitu cha kufanya kwa mikono, akangoja, na mwari alipouliza mwenyewe ndipo alipomjibu. Nilikaa pale nikifikiria fomu yangu na maswali yake kumi na mawili, yanayodai kujibiwa kabla chai haijapoa.

Siku ya tano maumivu yalipenya. Bibi alikatika katikati ya wimbo, akapiga kofi moja, ishara ya kuitisha dawa. Mwari mwenyewe akainuka, akapima dawa ya ziada kama daktari alivyoelekeza, akamnywesha, akamlambisha asali. Wanawake waliendelea na wimbo kwa sauti ya chini mpaka akaurudia mahali palepale alipouachia. Habari hiyo nilipewa na binti, ambaye aliisimulia kama mtu anavyosimulia ushindi wa timu yake. "Neno lilelile!" alisema. "Hakuruka hata moja!"

Jumatano alasiri mwari alitolewa. Nilikwenda na wanafunzi wote wanane. Ngoma zilikuwa uani, vigelegele vimefika barabara ya pili. Mlango ulifunguliwa na bibi akatoka mbele, kwa miguu yake, kamshika mwari mkono. Hakuegemea. Niliangalia hilo kwa makini, maana ndiyo kazi yangu kuangalia: alimshika yule msichana kama mtu anayeongoza. Siku saba alikuwa amezimaliza zote, na semina hakuifanya.

Akaketishwa kitini. Akainua mkono, ngoma zikanyamaza.

"Mtani wangu yuko wapi?"

Tabibu alisukumwa mbele na wanaume wa benchi.

"Lile swali lako la siku ile. Niulize tena."

Nilimwona muuguzi wa mkonge akishika mdomo. Tabibu alijishika kiuno, akamtazama bibi kama anayekadiria gunia.

"Bibi, ukifa tukuweke wapi? Sema mapema, maana kukubeba mpaka Tabora mgongo wangu hauwezi, umenenepa kwa asali yangu."

Kicheko kilipanda mpaka kwa jirani. Bibi alikisubiri kishuke.

"Sikia basi, na wote msikie. Nitakuwa hapahapa. Chumba cha uani, kitanda kikae chini ya dirisha la jikoni nisikie harufu ya mikate ya mwanangu, na uso wangu uelekee kibla. Hospitali msinipeleke, labda dawa ziwashinde hapa. Sitaki kulia mbele ya watu nisiowajua. Atakayenipa dawa ni mwanangu, na atakayenisomea ni maalim. Na wewe ukae benchi la nje, usije ukanilia ubani wa msiba wangu."

Hilo lilikuwa jibu la swali la saba, na la nane, na la tisa, na mawili ambayo sikuwahi kufikiri kuyauliza. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Ndipo nikaguswa bega. Binti alikuwa nyuma yangu, machozi yanamtiririka na hayafuti, ameshika daftari langu na kalamu.

"Andika," akasema. "Mama kasema. Andika lisipotee hata moja."

*

Aliishi miezi minne baada ya harusi, akamwona mjukuu akirudi kumsalimia na tumbo. Alifia chumba cha uani, asubuhi, mikate ikiwa jikoni, dawa amepewa saa iliyopangwa. Kila kitu kilikuwa pale alipokitaka. Kwenye matanga tabibu alikuja amejifunga kanga moja ya marehemu, akatembea kama yeye, akawatukana wafiwa kwa sauti yake, akadai asali yake irudishwe. Binti alicheka mpaka akakaa chini, na wanawake wakamwacha acheke.

Fomu ninayo bado, na bado imepangwa vizuri. Ila ukurasa wa kwanza hauna swali la mgonjwa hata moja. Una maswali ya mhudumu: wewe ni nani, umetoka wapi, na katika nyumba hii ni nani mwenye haki ya kuuliza. Swali la saba limebaki na namba yake na mstari mtupu.

Kundi lililofuata nililipeleka Mabawa tena, na mwalimu wa siku ile alikuwa binti, aliyekubali kwa sharti kwamba tumnunulie mikate. Aliwakalisha mkekani. Muuguzi mmoja mgeni, mwenye bidii kama niliyokuwa nayo mimi, alitoa fomu, akaikunjua, akabonyeza kalamu.

"Funga karatasi kwanza, mwanangu," binti akamwambia, huku akimsogezea mkate. "Kula. Halafu uniambie, kwenu ni wapi, na watani wenu ni akina nani?"